Uzoefu wangu: fundi umeme wa magari Mwanjelwa, Mbeya, aliyetatua tatizo la betri kutochaji

Nampa fundi huyu nyota nne kati ya tano kwa sababu alipima kabla ya kubadilisha chochote. Gari langu lilikuwa likigoma kuwaka asubuhi, hasa Juni hii ambapo baridi ya Mbeya hupunguza nguvu ya betri yoyote, na duka nililopitia awali lilinitaka ninunue betri mpya bila hata kufungua boneti.

Injini ikiwa imezimwa, mita ilisoma volti 12.1, yaani chaji ilikuwa imeshuka karibu nusu, kwani betri iliyojaa husoma takribani 12.6. Alipowasha injini kipimo hakikupanda, ilhali alteneta nzima, yaani kifaa kinachozalisha umeme na kuchaji betri injini ikiwaka, hufikisha volti kati ya 13.8 na 14.5. Akapima pia kwenye alteneta yenyewe, ili ajue kama umeme unapotelea njiani kwenye waya au terminali zenye kutu, akakuta hali ni ile ile; mkanda unaoizungusha nao ulikuwa umekaza vizuri. Kilichonipendeza zaidi ni jambo alilokataa kulifanya. Wapo mafundi wanaochomoa terminali ya betri injini ikinguruma ili waone kama gari litazima, na kitendo hicho kinaweza kupandisha volti ghafla, kikaunguza dayodi (vipande vinavyogeuza umeme wa alteneta uweze kuchaji betri) au kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, na hasara ikabaki kwa mwenye gari.

Alteneta ilipofunguliwa alinionyesha kaboni, vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenye pete zinazozunguka ndani yake: moja ilikuwa imelika hadi kubaki kipande kifupi kuliko ukucha, na springi haikuweza tena kuigandamiza kwenye pete yake. Alifunga kaboni mpya, akasafisha pete kwa msasa laini, kisha akaichaji betri polepole usiku kucha, kwa kuwa kuiachia alteneta kazi ya kujaza betri iliyoisha huichosha bure. Sasa injini ikiwaka mita inasoma volti 14.2, na hata nikiwasha taa, waipa na feni kwa pamoja, kama ninavyolazimika kufanya kwenye ukungu wa Isyonje nikienda Tukuyu, haishuki chini ya 13.9.

Nyota moja nimeipunguza kwa kuwa hatoi risiti wala dhamana ya maandishi, na kazi hufanyika nje, hivyo mvua ikinyesha husimama. Gharama yote ilikuwa chini sana ya bei ya betri mpya, ikiwa ni pamoja na kupima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa, ambao ulikuwa chini ya miliampia 50, kiwango cha kawaida.