Blender kwa picha za nyumba: uzoefu wangu na jua la Cycles

Kazi yangu ni kutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa, wateja wengi wakiwa Dar. Kwa kazi hiyo Blender, programu ya kompyuta ya kuchora vitu vya 3D, naipa nyota nne kati ya tano. Ni ya bure, hilo mnalijua. Kinachoniweka hapo ni Cycles, injini yake ya kugeuza mchoro kuwa picha (kurenda): inaufuata mwanga ukigonga sakafu na kurukia kuta, hivyo zulia jekundu likipigwa na jua, ukuta mweupe wa jirani nao unapata wekundu kidogo. Eevee, injini yake nyingine, ina kasi ajabu, hasa baada ya kusukwa upya kwenye toleo la 4.2 (2024), lakini sebule zangu huzitia mwanga wa duka la simu.

Jua nalitoa kwenye Sky Texture, zana ya Blender ya kutengeneza anga, aina ile iliyokuja na toleo la 2.90 mwaka 2020. Unaiambia jua liko nyuzi ngapi na hewa ina vumbi kiasi gani, anga inajitengeneza yenyewe. Picha za anga za HDRI, zinazobeba mwanga halisi wa mahali zilipopigwa, nazo ni nzuri, na tovuti ya Poly Haven wanazigawa bure hata kwa kazi ya kulipwa. Ila nyingi nilizopakua jua limeinama, vivuli virefu vya kimahaba. Dar hiyo haipo saa sita mchana! Machi na Oktoba jua linakaa karibu utosini kabisa, kivuli cha mtu kinaishia miguuni pake. Mteja wa Kigamboni akiona kivuli kimelala uani hadi getini anakunja uso, hata kama hajui kasoro iko wapi. Pandisha jua hadi nyuzi 80 na zaidi, ubishi unaisha.

Vyumba vyenye dirisha dogo ndivyo vinavyotesa, picha inajaa chembechembe. Weka taa bapa dirishani kisha iwashie Portal: yenyewe haitoi mwanga, inaielekeza tu Cycles mwanga unaingilia wapi. Kichujio cha Intel kinasafisha kinachobaki, lakini ukikitegemea mno, ukili wa mkeka unafutika wote.

AgX, njia ya Blender ya kugeuza mwanga kuwa rangi za picha, ambayo tangu toleo la 4.0 inakuja ikiwa imeshachaguliwa, inatuliza ukali wa dirishani vizuri. Wateja hulalamika rangi zimepauka, kwa hiyo naongeza kontrasti kidogo.

Nyota ya tano imekwama kwenye mashine. Bila kadi ya michoro ya maana, picha moja ya sebule inaweza kurenda usiku kucha, na umeme ukikatika alfajiri unaanza upya.