Lenzi ya sonara ya "mara 30": nimezunguka nayo ziwani wiki nzima

Haya wapendwa, kabla hata ya salamu, someni hiki kiboksi pamoja nami. Hapa pembeni, maandishi ya dhahabu: "MARA 30", yaani eti lenzi inakuza vitu mara 30. Mmeona? Hiyo namba imenikera tangu siku ya kwanza ya likizo, na leo lazima niiseme.

Karibuni. Hii ni lenzi ya sonara, ile ya kukunja, inaingia mfuko wa shati. Ina taa nyeupe na taa ya urujuanimno, ile ya UV. Betri, kifuko, rangi, hayo mnayajua, nayaruka. Nimekaa nayo wiki nzima kando ya ziwa: asubuhi nazunguka kwenye vitu vya kale, jioni niko kwenye boti natazama milima. Na mkinisikia kama naongea ndani ya debe, maikrofoni iliingia maji hukohuko kwenye boti. Kwa hiyo mubashara ya Jumapili hakuna, msinisubiri.

Turudi kwenye 30. Kamera isogee. Hii hapa rula. Lenzi naileta jichoni kabisa, kope zinakaribia kuigusa. Ndivyo inavyoshikwa, siyo kuinyoosha mbali kama mpelelezi wa kwenye filamu. Halafu rula ndiyo naivuta ije kwangu, taratibu, mpaka mistari ya milimita isimame wazi. Hapo! Pimeni: lenzi hadi rula ni sentimita 2 na nusu, yaani milimita 25. Jicho la kawaida linahesabiwa kusoma vizuri kwenye milimita 250. Gawanya 250 kwa 25. Kumi! Ingekuwa mara 30 kweli, ningesogeza kitu mpaka milimita 8 na kidogo, pua ingekuwa imelala juu ya sahani. Hizo 20 nyingine zimebaki kiwandani.

Na linaloniudhi zaidi ni kwamba 10 ndiyo inayotakiwa! Hata wapimaji wa almasi wanatumia mara 10. Ukizidisha, unaona kieneo kidogo mno, mkono ukitetemeka tu kitu kimekupotea. Wana lenzi nzuri, wameivisha uongo wa nini?

Sasa oneni kazi yake. Sahani hii ya ukutani ina picha ya ziwa, boti ya tanga, mawingu. Niliambiwa imechorwa kwa mkono, nikaichukua makusudi kwa ajili yenu. Kwa macho matupu, anga ni buluu laini inayofifia. Ngoja nibane lenzi kwenye kamera... mnaviona? Vitone! Buluu, waridi, njano, vimepangana kwa safu kama mbegu shambani. Brashi haiachi safu namna hiyo, hiyo ni picha ya mashine. Lakini msikimbie, tuje ukingoni kwenye huu mstari wa dhahabu. Hapa umenenepa, hapa umekonda, na hapa mwisho umepanda juu ya mwanzo. Huo umepigwa kwa brashi kweli. Kwa hiyo muuzaji hakunidanganya moja kwa moja. Mkono ulifika, ila uliishia ukingoni.

Igeuzeni pia. Kitako kilichozeeka chenyewe kina mikwaruzo ya kila upande, mirefu kwa mifupi. Ukiona yote imelala upande mmoja, kuna mtu alikaa na msasa. Na jina la nchi likiwa limeandikwa, kumbukeni Marekani ilianza kudai bidhaa za nje ziwe na jina la nchi zilikotoka mwaka 1891. Mtu akikuambia chombo ni cha 1850 na kitakoni kuna jina la nchi kwa Kiingereza, muulize maswali zaidi.

Kijiko hiki, haraka: herufi EPNS, kifupi cha "electroplated nickel silver". Wengi wanaona S wanasema "silver, fedha hiyo!" Ni aloi, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, juu imepakwa fedha kwa umeme. Ya 925 ndiyo fedha yenyewe, sehemu 925 kati ya 1,000.

Najua mtaandika kwamba simu zenu zina kamera ya karibu. Sawa, lakini simu inaziba mwanga, halafu inajipodolea picha yenyewe, kikwaruzo unachokitafuta ndicho inachokifuta. Na zile lenzi za kuvaa kichwani zinakuachia mikono miwili, ila unafanana na daktari wa meno, muuzaji akikuona tu bei inapanda. Afadhali darubini! Siku niliyosahau lenzi chumbani niligeuza darubini yangu ya boti, nikachungulia kwa upande mkubwa, upande wa jicho nikausogeza karibu kabisa na kijiko. Alama ikasomeka. Jaribuni.

Sasa zimeni taa. Nimekuja kulalamika, nakiri, lakini hili limenilainisha. Bakuli hili lina rangi ya manjano iliyochoka, mtu angewekea funguo. Nawasha urujuanimno... Jamani! Kijani cha kimulimuli, mpaka kwenye pindo! Hicho ni kioo chenye urani, kwa kawaida hadi kama asilimia 2 ya uzito wake. Kioo chenye manganisi nacho hung'aa kijani, ila kwa unyonge, msichanganye. Na kung'aa siyo cheti cha umri, kioo cha urani kinatengenezwa hata leo. Hii taa ni ya nanomita 395, huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake, ndiyo maana kila kitu kinaingia uzambarau. Ya 365 ingeonyesha safi zaidi. Msimulike machoni.

Bei? Chini ya nauli yangu ya boti ya siku moja. Ningeinunua tena, ila kiboksi ningekiacha dukani. Skrubu ya bawaba ililegea siku ya nne, naikaza kwa ukucha. Wiki ijayo naileta taa ya 365, tuzishindanishe juu ya bakuli hilihili. Haya, nani yuko karibu na swichi? Washa, nimekanyaga waya.