Wakili wa kesi ya mdogo wangu, nampa nyota tano

Mdogo wangu alishikwa Ijumaa usiku, nyumbani hakuna aliyelala. Huyu wakili hakuanza na pesa, alitoa karatasi akatuchorea njia yote, kusomewa mashtaka, dhamana, kutajwa (korti inaangalia tu kesi imefika wapi), kusikizwa, mpaka hukumu, akasema siku kesi inatajwa, mashahidi hawasikizwi so tusihangaike kuwabeba. Mi sikujua Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 49 inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ikiangukia wikendi basi siku ya korti inayofuata, na polisi wakikuhoji unaweza nyamaza. Pesa ya dhamana pia hurudishwa kesi ikiisha, bora usitoroke, tunza tu risiti! Ada yake iko juu kiasi na jioni hashiki simu. Ile karatasi mama ameiweka ndani ya Biblia.