Tetesi za Simu Mpya na Kibodi Isiyojua Kiswahili

Hamjambo, watazamaji wapendwa, na karibuni tena. Leo mezani pangu hapa Kisumu nina simu mbili. Hii ya kwanza ni ya kioo kitupu, ya bei ya kadiri, aina ambayo wengi wenu mnayo mfukoni. Hii ya pili ni ya zamani, yenye vitufe vya herufi chini ya skrini, na niliinunua kwa muuza simu za mitumba katika barabara ya Oginga Odinga. Nimeziweka pamoja kwa sababu tangu tetesi za simu zijazo zianze kuvuma, mmekuwa mkiniuliza kama simu za vitufe zinarudi, na kama ni busara mtu kuzingoja kabla ya kutoa pesa zake.

Kuhusu tetesi zenyewe, ni vyema kujua zinakotoka. Watengenezaji wa makava huhitaji vipimo vya simu kabla haijazinduliwa, na vipimo hivyo huvuja. Vilevile, simu inayotaka kuuzwa Marekani ni lazima ipitie kwa mamlaka ya mawasiliano ya huko, FCC, na baadhi ya hati zake husomwa na yeyote mwenye subira ya kuzitafuta. Ndiyo maana habari za umbo, unene na nafasi ya kamera mara nyingi huwa karibu na ukweli, ilhali kibodi, ambayo ni programu tu, haiachi alama yoyote kwenye kava wala kwenye hati. Kwa miaka mingi sasa tumesimuliwa kuhusu iPhone ya kukunjwa, bawaba yake na mkunjo wa kioo chake, lakini sijasikia mvujishaji hata mmoja akieleza jinsi mtu atakavyoandika juu ya kioo hicho kikubwa kwa vidole gumba viwili.

Na hata ahadi rasmi haitoshi. Mnamo Agosti 2020, kampuni ya Marekani iitwayo OnwardMobility ilitangaza kwamba ingeleta simu ya BlackBerry ya 5G yenye vitufe mwaka wa 2021. Mwaka huo ulipita bila simu, na Februari 2022 kampuni ikafunga shughuli zake. Kwa hiyo anayeshikilia simu yake iliyopasuka akingoja vitufe virudi, namwomba aikumbuke hadithi hiyo.

Simu za vitufe zilizopo kweli ni chache. Kampuni ya Unihertz ilileta simu ya Titan 2 mwaka wa 2025, yenye skrini ya mraba ya inchi 4.5, na kuna Clicks, kava lenye vitufe linalovishwa simu kutoka chini, ambalo lilitangazwa Januari 2024 kwa dola 139, la iPhone. Kwa bei hiyo ya kava peke yake, mtu anatoka dukani hapa mjini na simu nzima ya kioo, na bado anabaki na nauli ya kurudi Kakamega.

Mjadala huu si mgeni. Tarehe 9 Januari 2007, Steve Jobs wa Apple alipoionyesha iPhone ya kwanza, aliweka nyuma yake picha za simu nne za wakati huo na kulalamika kwamba vitufe vyao vya plastiki hukaa palepale, uvihitaji usivihitaji. Steve Ballmer wa Microsoft aliicheka, akisema kwamba haitawavutia wafanyabiashara kwa kuwa haina kibodi. Miezi miwili baadaye, Machi 2007, huku kwetu M-Pesa ilianza, nayo ilitumika kwenye simu ndogo za vitufe vya nambari, ambazo baadaye tulikuja kuziita mulika mwizi. Wengi wetu basi hatukuwahi kupitia vitufe vya herufi vya BlackBerry: tulitoka kwenye kubofya 7 mara nne ili kupata herufi s, tukaruka moja kwa moja hadi kwenye kioo. Nadhani ndiyo maana kuvitamani vitufe hivyo kumekuwa zaidi shauku ya watu wa ofisini.

Sasa tazameni hapa kwa makini, kwa maana hili ndilo jambo ambalo tetesi hulipita. Katika kibodi nyingi za kioo, mipaka ya herufi unayoiona siyo mipaka ambayo simu inaifuata. Unapoandika, programu hukisia herufi inayofuata, kisha huipanua kimyakimya sehemu inayopokea mguso wa herufi hiyo na kuzibana jirani zake. Ukiandika t na h huku kibodi ikiwa katika Kiingereza, e hupewa nafasi kubwa kuliko inavyoonekana, na kidole kilichokosea kidogo husamehewa. Msaada huo ni mzuri sana kwa Mwingereza. Kwetu sisi, ambao karibu kila neno letu huishia kwa irabu, kibodi iyo hiyo inakisia konsonanti pale tunapotaka a, kisha inamaliza kazi kwa kulibadilisha neno zima. Nimeandika hapa "watu wa leo wanapenda sana simu", na mnaona wenyewe: "leo" imepewa herufi kubwa kana kwamba ni jina la mtu, na "sana" imegeuzwa neno ambalo sikulikusudia. Mtu akiona hivyo hudhani vidole vyake ni vinene.

Nikiiwashia kibodi hiyo Kiswahili, mambo hubadilika, ingawa si kikamilifu. Maneno mafupi yanapita bila kuguswa. Vitenzi bado ni taabu, kwa sababu kitenzi kimoja chetu hubeba sentensi nzima: kutokana na "tuma" unapata nitakutumia, hatukuwatumia, wangenitumia, tulipomtumia, na kuendelea hadi mamia, na programu inayotegemea orodha ya maneno haiwezi kuyahifadhi yote. Kisha kuna ng'. Andika "ng'ombe", au jina la Achieng' kama linavyopaswa kuandikwa, na utalazimika kuondoka kwenye ukurasa wa herufi kwenda kutafuta alama ya ritifaa. Katika Gboard, kibodi ya Google, unaweza kubonyeza na kushikilia nukta, kisha uteleze kidole hadi kwenye ritifaa. Jambo hilo limeniokoa muda mwingi. Simu hii ya vitufe inahitaji kitufe cha Alt na kingine kimoja tu, na baada ya mazoea kidogo unaifanya bila kutazama. Hapo vitufe vimeshinda waziwazi.

Vinashinda tena mahali pengine. Kioo cha siku hizi hakipimi nguvu ya kidole, bali badiliko dogo la umeme linaloletwa na ngozi, na tone la maji nalo huleta badiliko kama hilo. Muulizeni muuza samaki yeyote kule Dunga jinsi anavyojaribu kuthibitisha malipo kwa mkono uliolowa, huku skrini ikirukaruka kutoka nambari moja hadi nyingine. Vitufe havijali maji ya samaki, angalau hadi yaingie ndani.

Hata hivyo, sitawashauri mnunue simu ya vitufe. Hii yangu imemeza karibu nusu ya uso wake kwa ajili ya herufi, video inaonekana kama kupitia tundu la ufunguo, na kitufe cha n kimeanza kulegea bila fundi kupata kipuri chake. Kioo kikipasuka, kibodi huenda nacho, hilo ni kweli. Lakini vioo vya simu za kawaida vinapatikana kwa fundi.

Ushauri wangu ni kuanza na simu uliyo nayo: fungua mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili kando ya Kiingereza, na uzime usahihishaji wa kiotomatiki kwa wiki moja, huku ukiacha mapendekezo yakiwaka. Hayo hayagharimu chochote na hayangojei uzinduzi wa mtu. Ikiwa ni lazima ununue, andika haraka ukiwa bado dukani: "Ng'ombe wetu hawajanyweshwa maji tangu jana." Angalia kama herufi zinachelewa nyuma ya vidole, dalili kwamba simu ina kumbukumbu ndogo au kichakataji dhaifu, na kama a na p, zilizo ukingoni, zinapokea mguso bila kubembelezwa. Zikikataa, mwombe muuzaji abandue kile kioo cha kinga cha bei rahisi kilichobandikwa juu, kisha ujaribu tena kabla ya kuihukumu simu yenyewe.