Keep ama Evernote ya bure? Ya madeni mimi nimeshachagua

Daftari langu la madeni liliisha siku ile mvua ilitupata sokoni Kibuye Jumapili, maji ya omena juu yake, kurasa zote zikawa bluu tu, sasa nani namdai nani ananidai hakuna anayejua, kwa hivyo nikahamia kwa simu.

Nilianza na Evernote, app ya kuandika noti. Ni nzuri bana, inashika PDF, ukurasa wa intaneti inaubeba mzima, na maandishi marefu yanapangika vizuri. Lakini ile ya bure tangu Desemba 2023 ni noti 50 na daftari 1, basi. Mwanafunzi wa Maseno anaweza tosheka, mimi kila kastoma ana noti yake, hizo 50 ni wiki mbili tu.

Google Keep, app ya noti ya Google, haina mbwembwe. Ni kama vikaratasi vya kubandika ukutani, unavipaka rangi, nyekundu wenye deni, kijani wamelipa. Kuna orodha ya viboksi, mtu akilipa unatiki na jina linashuka chini. Picha ya risiti inakutolea maandishi, ingawa mwandiko wa dadangu hata yeye mwenyewe hausomi 😂. Na hiyo orodha tunaiona wote wawili, nikiwa Dunga kuchukua mzigo yeye anaandika akiwa kwa meza na mimi naona, na bando ikiisha bado inaandika, itatuma baadaye.

Folda nayo hakuna, ni lebo tu. Minitsi za chama bado naweka Evernote.