Tahadhari kwa wenye pikipiki za zamani Lubumbashi: kwa hizo janti (ringi za magurudumu) "pana za Japani" msitume hata faranga moja

Jambo yenu. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Mtu anayejisifu kwamba ameendesha pikipiki miaka ishirini, akidanganywa kama mgeni aliyeshuka treni leo asubuhi, hana hamu ya kujitangaza. Lakini juzi kijana mmoja wa Katuba amenifuata na simu yake mkononi: "Yaya (kaka mkubwa), hebu angalia hizi janti, kesho natuma pesa." Nikaangalia. Picha ni zile zile nilizotumiwa mimi mwezi wa saba, hata moja haijabadilishwa. Basi aibu naiweka pembeni.

Anayehusika ni muuzaji wa WhatsApp anayesema ana duka Kenya (Kenya ya hapa kwetu, karibu na soko, si ile ya Nairobi). Duka lenyewe sikuwahi kuliona, na kila nilipoomba kupita alikuwa "kwenye safari". Jina siliandiki, maana mpaka sasa nimehesabu matatu na sidhani kama hata moja ni lake. Anawinda watu wa aina moja tu: sisi wenye pikipiki za zamani, zile zilizoachwa na mapadri na makampuni, XT na DT za Yamaha, XL za Honda na ndugu zake. Anajua kwamba vipuri vyetu ni vya kutafuta kwa tochi. Akimwona mtu anauliza, anamfuata pembeni siku hiyo hiyo.

Yangu ni Yamaha XT500. Nimeirithi kwa mjomba, naye aliinunua kwa padri aliyekuwa anarudi kwao. Iliponifikia ilikuwa na tairi 4.00-18 nyuma (upana inchi nne, kipenyo cha janti inchi 18), juu ya janti yenye upana wa inchi 1.85, na mbele 3.00-21. Wembamba mtupu. Watoto wa mtaani wakaiita baiskeli ya padri. Ukisimama nayo kando ya wamanseba (madereva wa pikipiki za taksi) na pikipiki zao mpya, hata mwenyewe unaiona imekonda. Nikaanza kuota tairi nene la nyuma. Sitamsingizia muuzaji hilo, ndoto ilikuwa yangu. Na nilikuwa najua vizuri kwamba mbio za Paris-Dakar za kwanza, mwaka 1979, alizishinda Cyril Neveu juu ya XT500 hii hii, na hakuhitaji gurudumu la trekta kuvuka jangwa. Nilijua, na bado nikaota.

Ujumbe wake wa kwanza ninao: "Papa, niko na janti ya nyuma 2.50, alumini ya Japani, na tairi 130/80-18 mpya kabisa. Inaingia moja kwa moja, hakuna kukata kitu. Na ya mbele niko nayo." Seti nzima dola 320. Nusu itangulie kwa M-Pesa, nusu nyingine mzigo ukifika. Nikatuma 160. Baada ya siku nne: "Papa, mzigo umezuiliwa Kasumbalesa, duane wanataka 45." Yaani forodha ya mpakani. Nikatuma. Baada ya siku mbili nyingine, 20 za gari. Nikatuma tena! Hapo ndipo mke wangu alipoanza kuniangalia kwa jicho lile mnalolijua.

Mzigo ulifika jioni, giza likiingia, umeshonwa ndani ya mfuko wa sandarusi. Ulibebwa na manseba ambaye hakujua chochote, alipewa nauli na maelekezo tu, na alikataa kuondoka kabla sijatuma hela iliyobaki kwa namba aliyopewa. Msimkasirikie kijana huyo. Ila saa hiyo ya jioni imechaguliwa kwa makusudi, na mshono ule pia. Nilitoboa mfuko kidogo kwa kisu, nikaona kitu kinang'aa, nikalipa. Janti ya mbele nilipoitoa usiku ule chini ya taa ilikuwa ya inchi 19 badala ya 21. Nikampigia. Akajibu bila kusita: "Hiyo si tatizo papa, itashika." Hiyo nikaitupa pembeni na kujifariji na ya nyuma.

Haraka yangu ndiyo iliyonitia hasara ya pili. Sikumpelekea fundi wangu wa siku zote, mzee mmoja wa Kamalondo, kwa sababu nilijua angenisema. Nikampa kijana wa kando ya barabara. Akafunga spoki, akavalisha tairi, akajaza upepo, ikapendeza kweli kweli. Kesho yake nikashika barabara ya Kipushi. Sikumaliza kilomita kumi na mbili. Kwanza pikipiki ilikataa kulala kwenye kona, naisukuma nayo inasimama, kama mbuzi anayevutwa kamba. Kisha nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Kisha mlio mwembamba, ting, na baada ya muda ting nyingine. Upepo ukatoka wote mara moja, na nikajikuta natembea kwa miguu upande wa majani, namshukuru Mungu kwamba nilikuwa kwenye mwendo mdogo.

Sasa niwaeleze yale ambayo yule mzee wa Kamalondo aliyaona nilipompelekea gurudumu akalifungua, maana hapa ndipo faida ya hasara yangu ilipo.

Kwanza alitoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika iliyokufa, akaigusisha kwenye janti. Ikanata. Alumini hainati sumaku, hata mtoto wa shule analijua hilo, na mimi sikulifikiria. Ilikuwa chuma kilichopigwa rangi ya fedha. Akauliza: "Nani alikwambia hii ni 2.50?" Nikamwonyesha picha ya muuzaji, ameweka rula juu ya janti, inasoma inchi mbili na nusu sawasawa. Mzee akacheka mpaka akakaa. Rula ilikuwa imewekwa kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje. Upana wa janti hupimwa ndani, baina ya kuta mbili pale tairi linapokaa. Tukapima ndani: milimita 47. Hiyo ni inchi 1.85. Yaani nimelipa zaidi ya dola mia tatu kununua upana ule ule niliokuwa nao, tena wa chuma. Inchi 2.50 ya kweli ingekuwa milimita 63 na nusu. Rula ya mtoto ingenitosha.

Kwenye upana huo nililazimisha tairi la 130. Tairi la namna hiyo linataka janti ya inchi 2.50 kwenda juu. Ukilibana kwenye 1.85, miguu yake (kingo zinazokaa ndani ya janti) inavutwa ndani na mgongo unachongoka. Unachokanyagia barabara ni kamstari ka katikati, na mabega yote mazuri uliyoyalipia yananing'inia hewani. Tairi lililobanwa hivyo halitulii kwenye kona. Ubavuni nako hesabu ni ndogo: namba ya kwanza, 130, ni upana kwa milimita, 80 ni kimo kama asilimia ya upana huo, 18 ni kipenyo cha janti kwa inchi. Tairi langu la zamani la inchi nne lilikuwa na kama milimita 102. Tofauti ni 28, kwa hiyo 14 kila upande. Upande wa kushoto milimita hizo 14 ni nafasi ya cheni. Hata kama kubanwa kunalipunguza kidogo, cheni yangu ilikuwa inalisaga ubavu kama msumeno. Muuzaji anayekwambia "inaingia, hakuna kukata kitu" bila kukuuliza nafasi iliyopo kati ya tairi na cheni, na kati ya tairi na uma wa nyuma, ama hajui anachouza ama anajua sana.

Zile spoki ndizo zilizoniuma zaidi, kwa sababu pale nilidhani nimekuwa mjanja. Kabla ya kutuma pesa nilimuuliza: matundu mangapi? Akasema 36. Nikahesabu zangu, 36. Nikaridhika. Mzee akanishika kidole, akakipitisha kwenye matundu ya janti ya zamani, halafu kwenye hii mpya. Kila tundu halikutobolewa wima. Limeelekezwa kidogo kushoto au kulia, na kwa pembe inayofuata ukubwa wa kitovu cha gurudumu. Kitovu cha XT kina ngoma kubwa ya breki, spoki zake ni fupi na zinatoka kwa pembe kali. Janti hii ilitobolewa kwa kitovu kidogo cha pikipiki ya taksi. Kwa hiyo kila spoki ilikuwa imepinda pale shingoni inapoingia kwenye nati yake, na chuma kilichopinda kikitikiswa mamia ya mara kwa kilomita, kinakatika. Idadi ikilingana haimaanishi janti inafaa. Ukitaka kujua, ingiza spoki moja bila kukaza: ikisimama imenyooka, sawa; ikipinda, rudisha.

Upepo uliondokaje? Spoki zilikuwa ndefu kupita kiasi, ncha zikatokeza ndani ya janti, na yule kijana hakuweka utepe wa mpira wa kufunika nati. Mpira wa ndani ukachomwa. Muuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba tairi hili "halihitaji mpira wa ndani". Kwenye janti ya spoki ya kawaida, upepo unavuja kwenye kila nati, matundu 36 yote. Angalau hapo sikumsikiliza.

Halafu tairi "mpya kabisa". Lilinukia dawa ya viatu, na niliposugua kwa kitambaa chenye petroli, kitambaa kikawa cheusi na tairi likawa la kijivu, na ubavuni mipasuko midogo midogo kama udongo wa kiangazi. Matairi mengi yana maandishi DOT, na mwishoni tarakimu nne za kutengenezwa: mbili za wiki, mbili za mwaka. Upande wa kulia pale palikuwa pamesagwa laini kabisa. Mzee akaligeuza. Upande wa pili msagaji alikuwa amechoka au amesahau: tarakimu tatu, 418. Si nne. Utaratibu wa tarakimu nne ulianza mwaka 2000. Tairi lenye tatu limetengenezwa kabla ya hapo. Wiki ya 41 ya mwaka unaoishia na 8. Tuchukue 1998, tukiwa na huruma. Kuna wanaosoma hapa walikuwa hawajazaliwa.

Na meno yake marefu mazuri? Yalichongwa kwa kisu cha moto. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijituta vidogo vya kuonyesha limeisha, na ubavuni wameandika TWI kuonyesha vilipo. Nilifuata TWI kwa kidole mpaka kwenye mfereji, hakuna kituta. Kisu kilipita humo humo. Sehemu mbili nilikuwa naona nyuzi za tairi chini ya mfereji. Kwa mtu anayebeba abiria hicho ni kifo kinachosubiri mvua ya mwezi wa kumi na moja.

Nilipomrudia muuzaji na picha za yote haya, kwanza alinijibu kwa upole, "papa tutaelewana". Kisha akasema kosa ni la fundi wangu. Kisha akanifungia. Namba ilikuwa imekufa siku tatu baadaye. Dola 385 ukijumlisha zile za "duane" na za gari, na sihesabu spoki nilizonunua upya. Ukweli ni kwamba sijui hata kama mzigo uliwahi kuiona Kasumbalesa. Janti ile ya chuma, mzee anasema angeipata hapa hapa mjini kwa bei ya chakula.

Kijana wa Katuba nimemzuia. Nimemwambia kama anataka unene lazima, aridhike na 4.60-18 juu ya 2.15 ya kweli, aliyoipima ndani mwenyewe mchana, kwa fundi, akiwa na pesa bado mfukoni na sumaku mkononi. Mimi nimerudisha janti ya padri na tairi jembamba. Kwenye tope jekundu la njia ya kwetu linazama mpaka linakuta udongo mgumu, linashika. Watoto wanaendelea kucheka.

Janti zote mbili zimetundikwa ukutani kwa mzee wa Kamalondo. Anayetaka kuzigusa kwa kidole kabla ya kununua aniandikie, nitampeleka. Na picha anazozituma ziangalieni vizuri: janti mbili juu ya sakafu ya vigae vyeupe, kimoja kimevunjika pembe, beseni la buluu nyuma, na rula ya manjano imelala kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje. Jina litakuwa jingine. Vigae na beseni ni vile vile.