Gazi: kijiji cha wavuvi kinachopitwa bure

Magari ya watalii yanayotoka Diani kwenda Shimoni huipita Gazi bila hata kupunguza mwendo, na wanakosa mengi. Nimeizunguka Pwani ya kusini ya Kenya, na kama mtu ana siku moja tu Kwale, mimi namwambia aje hapa.

Kilichonivutia zaidi ni daraja la mbao lililopita katikati ya mikoko, mali ya kikundi cha kina mama wa kijijini. Ukishalipa kiingilio unapewa mwenyeji wa kukutembeza. Mama aliyetuongoza aliijua miti kama watoto wake: boriti za nyumba hutoka kwenye mkoko, mataruma (mbavu) ya mashua kwenye mlilana, gome la mkandaa hutoa rangi. Nendeni maji yakiwa yamekupwa, ndipo mtaiona mizizi vizuri na kaa wakikimbilia mashimoni.

Miti hiyo ilikatwa sana zamani. Leo wenyeji wa Gazi na Makongeni wanailinda kupitia Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013 wa kuuza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao wa hewa. Fedha zake zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Nilifurahi mno kuona kiingilio changu nacho kinabaki mikononi mwa watu walewale.

Kuhusu historia, ombeni kuonyeshwa jumba la Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, kiongozi wa ukoo wa Mazrui, ambalo baadaye lilitumika kama shule ya msingi. Gazi ndiyo iliyokuwa makao yake. Mwaka 1895 aliingia vitani na Waingereza, na mwaka uliofuata akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani, waliotawala Tanganyika wakati huo. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Jambo zito kama hili linastahili kusimuliwa kwa kila mgeni, si kwa anayeuliza tu.

Anayetaka kuogelea abaki Diani. Ghuba ya Gazi ina kina kifupi na matope mengi, ni bahari ya kazi: ngalawa, madema ya kunasia samaki, na mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, wakisubiri mashua.

Chakula ni wali wa nazi na samaki wa kupaka, kitamu kweli. Agizeni siku moja kabla, kwa sababu kina mama hununua samaki asubuhi mashua zinaporudi.